Hadithi Zetu Zimekosa Watu



Mwishoni mwa likizo kubwa padri wetu aliniletea rundo la makaye. Vijana wa parokia walikuwa wameandika hadithi fupi kwa ajili ya sikukuu ya msimamizi wetu, na mimi, kwa kuwa nimefundisha shule miaka mingi, niliombwa kuchagua iliyo bora. Nilisoma kwa taa siku tatu usiku. Maandishi yalikuwa safi, na sala zilikuwa nyingi. Lakini, niseme kweli mbele ya Mungu, karibu makaye yote niliyafunga bila kukutana na mtu.

Nilikutana na Yozefu. Yozefu huamka alfajiri, husali rozari, hagombani na mtu, hakopi hata chumvi kwa jirani. Nilikutana na Kasongo pia. Kasongo hulewa kasiksi asubuhi, hupiga mke mchana, huiba usiku. Kwenye ukurasa wa mwisho Yozefu anapata kazi nzuri, na Kasongo anapigwa na radi au anakanyagwa na lori. Katika kaye moja majina yanageuka, lakini mambo ni yale yale. Angalieni tena jambo hili: mwema amepewa jina la ubatizo, na mbaya amebaki na jina la ukoo peke yake, kana kwamba wazee wetu hawakutuachia kitu ila uovu.

Nilitoa shauri langu wazi, baada ya Misa ya Dominika: hadithi hizi zina mafundisho, lakini hazina watu. Hapo mzee mmoja wa parokia akanisimamisha uwanjani. Ni mtu ninayemheshimu sana, ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wangu. Akaniambia, «Mwalimu, unataka nini? Unataka vijana wetu waandike dhambi? Mwema awe mwema, mbaya awe mbaya, ili watu waijue njia.» Wengine waliokuwa karibu wakaitikia, «Ndiyo, baba.» Sikujibu siku ile, maana jua lilikuwa kali na watu walikuwa na njaa. Najibu leo.

Nasema hivi: hadithi ambayo mtu wake ni mwema mtupu au mwovu mtupu si hadithi ya kikristu, hata ikijaa rozari toka mwanzo mpaka mwisho. Inapingana na jambo tunalolifanya kila tunapopiga magoti kuungama. Nani amewahi kupiga magoti pale akiwa mwovu mtupu? Mwovu mtupu haji. Na mwema mtupu angeungama nini? Anayekuja ni mtu wa tatu, ambaye hadithi zetu hazimjui: anayempenda mke wake na kumdanganya, anayesali na kuweka kinyongo, anayetoa sadaka kubwa kwa fedha alizopunja kwenye mizani sokoni. Huyo ndiye mkristu. Huyo ni mimi, na ni wewe unayesoma.

Labda mtasema: haya ni maneno ya walimu, wanaogombania vitabu. Sivyo. Sikilizeni.

Nilimfahamu kijana mmoja, mwimbaji wa kwaya, aliyependa kuwasomea wenzake hadithi za namna hii jioni. Siku moja alichukua fedha za kwaya. Nusu alizinywea, na nusu akamnunulia mama yake kitenge. Jambo lilijulikana, akalipa, watu wakanyamaza. Lakini hakurudi kanisani. Miaka sita hakuonekana. Nilipomkuta nyumbani kwake nikamwuliza kwa nini, akanijibu, «Mwalimu, katika hadithi zote nilizosoma, mtu kama mimi hufa kwenye ukurasa wa mwisho. Basi nilikuwa nangojea ukurasa wa mwisho.» Na katika miaka ile sita, kila Jumamosi, alikuwa akimpasulia kuni mjane mmoja mzee, asiye wa ukoo wake. Nilipomkumbusha kuni zile alinitazama kama mtu asiyeelewa. Hakuzihesabu, kwa sababu Kasongo wa hadithi hapasui kuni za mjane.

Ndiyo maana sinyamazi. Sisi tuliomfundisha kusoma tulimpa vioo viwili, na katika vyote viwili hakuona uso wake.

Sasa tutazame namna Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alivyosimulia. Hakuna mtu atakayesema kwamba yeye hakujua njia ya kufundisha.

Fungueni Luka, sura ya 15, mistari 11 mpaka 32. Ni mistari 22 tu. Inasomwa katika Misa kwa muda wa dakika chache. Tunaiita mfano wa mwana mpotevu, na tukiisha kumpokea mpotevu nyumbani tunafunga kitabu. Lakini hadithi haijaisha. Kuna kaka yake. Kama Yezu angeandika kama sisi, kaka huyu angekuwa Yozefu wetu: hakuondoka nyumbani, hakula mali, alifanya kazi shambani. Angepewa zawadi mwishoni. Tazameni jinsi alivyofanywa.

Kwanza, anafika kutoka shambani, amechoka, anasikia ngoma na michezo. Haingii. Anamwita mtumishi na kumwuliza kuna nini. Nyumba ni ya baba yake, lakini anauliza habari nje kama mgeni. Kwa tendo hilo moja dogo tumekwisha kujua kwamba kuna ukuta kati yake na nyumba yake mwenyewe, wala msimulizi hajasema neno hata moja la kumlaumu.

Pili, analalamika, na katika malalamiko yake hana uwongo mwingi. Ni kweli alitumika miaka mingi. Anasema hakupewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Mbuzi! Mali yote ya baba ni yake, na miaka yote hiyo amekuwa akihesabu mbuzi mmoja ambaye hakuthubutu kumwomba. Ndugu, katika ukoo gani hapa kwetu hakuna mbuzi wa namna hiyo, anayehesabiwa miaka ishirini mpaka siku ya matanga?

Tatu, sikilizeni anavyomtaja mdogo wake. Hasemi ndugu yangu. Anamwambia baba kwamba ni mwana wako huyo. Baba anapojibu, anamrudishia neno lile: ni ndugu yako. Tena anasema kwamba mdogo wake alikula mali na makahaba. Nani alimwambia? Msimulizi alikuwa amesema tu kwamba kijana aliishi maisha ya uasherati na kutapanya. Habari ya makahaba hakuitaja. Kaka ndiye aliyewaleta, kutoka moyoni mwake. Mtu aliyekaa shambani miaka yote alikuwa akiwaza mambo gani huko shambani? Yezu hatuambii. Anatuachia tusikie wenyewe.

Nne, na hili ndilo kubwa: hatujui kama aliingia. Baba ametoka nje, amemsihi, amesema neno lake la mwisho, na hapo hadithi inakatika. Kaka amesimama uani mpaka leo. Hakupigwa na radi. Hakupewa zawadi. Mlango uko wazi, ngoma inalia, na anayepaswa kuamua ni yule anayesikiliza. Luka anaeleza mwanzoni mwa sura kwamba miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza walikuwamo Mafarisayo waliokuwa wakinung'unika. Wao ndio waliosimama uani.

Na yule mdogo, je? Yeye naye si toba tupu. Alikumbuka nyumbani kwa sababu ya njaa, akatunga hotuba yake kule kule penye nguruwe, akaipanga vizuri neno kwa neno. Alipofika, baba alimkata kabla hajafika mwisho wa hotuba. Je, alirudi kwa upendo au kwa tumbo? Kwa vyote viwili. Baba hakungoja avitenganishe.

Basi, katika mistari 22 mna watu watatu, na hakuna hata mmoja unayeweza kumweka katika kikapu kimoja ukafunga. Mkiniambia hadithi fupi haina nafasi ya kuonyesha moyo wa mtu, nitawajibu kwa sura hiyo. Nafasi ipo. Inaliwa na mahubiri tunayoyamimina kwenye kila ukurasa.

Sasa nisikilize makatazo yenu, moja moja.

La kwanza: mtu mchanganyiko ataleta makwazo. Nauliza: kwa nini wainjili wote wanne wameandika kwamba Petro alimkana Bwana wake? Hakuna hata mmoja aliyemhurumia akaruka. Wakristu wa kwanza walipokuwa wakisoma habari hiyo walijua vema Petro ni nani katika Eklezya. Kama jambo hilo lingekuwa la kuharibu imani, lingefichwa hapo hapo. Au mchukueni Agostino Mtakatifu, Mwafrika wa Tagaste, mji ulioko leo katika nchi ya Algeria. Katika maungamo yake anasimulia kwamba akiwa na miaka 16 aliiba mapeasi usiku pamoja na wenzake. Hakuwa na njaa; nyumbani kwake kulikuwa na mapeasi mazuri zaidi. Waliwatupia nguruwe. Jambo dogo kabisa, wizi wa watoto, na askofu mzima anakaa juu yake kurasa nyingi akijiuliza: nilitaka nini pale? Nilipenda nini? Hakusema «nilikuwa mbaya» akapita. Alichimba. Tangu mwisho wa karne ya 4 mpaka leo hakuna aliyepotea kwa kusoma mapeasi yale, na wengi wamerudi. Anayekwaza ni mwandishi anayeitia dhambi sukari, aifanye tamu. Anayeionyesha pamoja na uchungu wake na mizizi yake hamkwazi mtu.

La pili: watoto wanahitaji mfano ulio wazi. Nakubali. Mtoto wa miaka sita mpeni sungura na fisi, ajue ujanja na ulafi. Hata mkubwa anaweza kusoma hekaya ya zamani kwa faida. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwapa watu wake majina ya tabia zao: Adili, na ndugu zake Hasidi na Mwivu. Ni desturi njema ya hekaya. Lakini tazameni kitu gani kinachobaki akilini baada ya kufunga kitabu. Linalobaki ni lile la Adili kuwapiga mijeledi usiku manyani wawili, ambao ni ndugu zake waliogeuzwa, kwa amri asiyoweza kuiasi, na huku anawaonea huruma. Mwadilifu anayepiga na kuhuzunika: hapo jina limeacha kutosha, na mtu ameanza. Hata mwalimu mkubwa wa hekaya alijua kwamba pasipo ufa huo hadithi hailali na msomaji.

La tatu ni zito zaidi. Mzee wetu aliniambia pia: «Nabii Natani alimsimulia Daudi hadithi ya tajiri mwovu na maskini mwema, na Daudi akatubu. Wewe unamzidi Natani?» Simzidi. Lakini someni vizuri. Tajiri mwenye makundi ya kondoo anamnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Tajiri huyo ni mwovu mtupu, kama Kasongo wetu. Daudi alifanya nini alipomsikia? Alikasirika. Alisema mtu huyo anastahili kufa. Hakujiona hata kidogo! Ilimlazimu Natani amwelekezee kidole na kumwambia kwamba ndiye yeye. Hadithi ya mwovu mtupu ilimpa Daudi hasira juu ya mtu mwingine. Kidole cha nabii ndicho kilichompa toba. Ndugu waandishi, ninyi hamna kidole cha Natani. Msomaji wenu yuko peke yake na taa yake. Asipojiona katika mtu wa hadithi, atakasirika na kufurahi kwamba Kasongo amekufa, kisha atalala usingizi mzuri.

Ndiyo maana nacheka ninapoambiwa kwamba kumwandika mtu mchanganyiko ni kumtetea mwenye dhambi. Ni kinyume. Mwovu mtupu ndiye anayetutetea sisi, maana hafanani nasi. Kikulacho ki nguoni mwako, wala si kule kwa Kasongo.

Labda mtaniuliza: ni nani katika nyakati hizi aliyeandika hivyo, tumwone? Nitataja watatu.

Wa kwanza ni Anton Chekhov, daktari wa Urusi, aliyezaliwa 1860 na kufa 1904. Katika mwaka 1894 alitoa hadithi ya kurasa chache tu iitwayo «Mwanafunzi». Ni Ijumaa Kuu. Kijana anayesomea mambo ya dini, wa miaka 22, anarudi nyumbani jioni. Anatoka wapi? Kuwinda ndege! Mseminari, siku ya Ijumaa Kuu. Chekhov hamkemei, ameiweka bunduki pale, basi. Kijana ana baridi, ana njaa, na anawaza kwamba umaskini na giza la watu wake havitaisha kamwe. Anakuta wajane wawili penye moto, mama na binti yake. Anaota moto, na kwa kuwa ni siku ile, anaanza kuwasimulia jinsi Petro naye alivyoota moto usiku wa mateso na kumkana Bwana. Mama mzee anatoa machozi, anaficha uso kwa mkono wa nguo yake kana kwamba anaona haya. Binti, ambaye mume wake alikuwa akimpiga alipokuwa hai, anakaza macho, uso mzito, kama mtu anayezuia maumivu makubwa. Wala hawasemi kwa nini.

Kijana anaenda zake, na mara furaha inamjaa, kwa sababu ameona kwamba jambo lililotokea karne kumi na tisa zilizopita limeshikana na wajane hawa kama mnyororo. Je, ni neema ya Mungu, au ni furaha ya ujana inayokuja na kupita kama upepo? Mwandishi anatukumbusha umri wa kijana, kisha ananyamaza. Anatuachia vyote viwili mkononi. Angalieni pia alivyofanya: hakusimulia maisha ya kijana toka kuzaliwa. Alichukua saa moja, saa ambayo moyo uligeuka. Waandishi wetu huanza na kuzaliwa kwa Yozefu na kumaliza na mazishi yake, katika kurasa nne! Mtu anapita mbio mno kiasi cha kutoonekana uso.

Wa pili ni mkatoliki mwenzetu, mwanamke wa Marekani, Flannery O'Connor. Alizaliwa Savannah mwaka 1925, akaugua ugonjwa mkali uliomlazimu kurudi kukaa na mama yake shambani karibu na Milledgeville, katika jimbo la Georgia, na akafa tarehe 3 Agosti 1964, akiwa na miaka 39. Mwaka 1957 aliandika katika America, gazeti la Wayezuiti wa huko, akitetea kwamba imani haimfungi mwandishi macho, bali humpanulia mahali pa kutazama. Katika mwaka wake wa mwisho alitoa hadithi iitwayo «Ufunuo».

Mtu wa hadithi hiyo ni mama mmoja mnene, Bibi Turpin, mkristu, mchapa kazi, safi. Anamshukuru Yezu kwa kumfanya alivyo. Usiku, usingizi usipomjia, anapanga watu wote kwa madaraja: watu weusi chini pamoja na wazungu maskini, na juu yao wenye nyumba, na juu zaidi wenye nyumba na shamba, kama yeye na mume wake. Yuko katika chumba cha kungojea daktari, anazungumza kwa upole, anachekea kila mtu, huku moyoni anawapima viatu. Mara msichana mmoja aliyekuwa akisoma anamtupia kitabu usoni, anamrukia shingoni, na kumwita ngiri, arudi kuzimu alikotoka.

Sisi Waafrika tukisoma habari za mama huyo, tunayo sababu ya kumchukia, na mwandishi angeweza kutupa ngiri tukafurahi. Hakufanya hivyo. Bibi Turpin anarudi nyumbani, hawezi kulala, neno lile linamchoma. Jioni anasimama penye banda la nguruwe, anawaosha kwa maji, na anamwuliza Mungu kwa hasira: nitakuwaje nguruwe na mimi mwenyewe pamoja? Nitakuwaje mtu aliyeokolewa na mtu wa kuzimu pamoja? Ndugu, hilo ndilo swali ninalolitafuta katika makaye ya vijana wetu! Ndilo swali la kila anayeungama kwa kweli. Kisha anaona msafara mkubwa unapanda mbinguni: wale aliowadharau wametangulia wakirukaruka, na watu wa daraja lake wako nyuma kabisa, wanaenda kwa utaratibu, na hata fadhila zao zinaunguzwa. Fadhila zao, siyo dhambi zao tu. Yozefu wetu angesoma ukurasa huo angetetemeka.

Wa tatu alifika hapa kwetu. Graham Greene, mwandishi wa Uingereza aliyeingia Eklezya Katolika mwaka 1926, alikuja Kongo mwanzoni mwa 1959, akakaa Yonda, kijiji cha wakoma karibu na Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo. Alikuja kumtafuta mtu wa hadithi. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: mgeni anafika mahali pa mbali penye wakoma. Sababu ya kufika hakuijua bado. Aliandika siku kwa siku jinsi alivyokuwa akimtafuta, na daftari hiyo ilichapwa 1961. Kitabu kilichozaliwa ni kirefu, si hadithi fupi, lakini kinatuhusu.

Mgeni huyo, Querry, ni mjenzi mashuhuri wa makanisa ambaye moyo wake umekauka. Hapendi tena, hasali tena. Anasaidia wakoma bila kujua kwa nini. Kuna mzungu mmoja wa kiwanda cha mawese, Rycker, aliyewahi kusomea upadri, ambaye anataka kwa nguvu Querry awe mtakatifu. Mwandishi wa magazeti anakuja kueneza utakatifu huo. Querry anakataa, hawamsikii. Halafu Rycker anadhani amenyang'anywa mke, na siku hiyo hiyo mtakatifu wake anageuka kuwa shetani, naye anampiga risasi. Tazameni jinsi mambo haya yanavyoshikana. Jicho linalotaka mtakatifu mtupu ndilo jicho linaloona shetani mtupu kesho yake. Halina mahali pa mtu. Je, hatujayaona haya katika parokia zetu? Katekista anasifiwa kama malaika miaka kumi; siku anapoteleza, wale wale waliomsifu ndio wa kwanza kumfukuza, kwa sababu walikuwa wameamini hadithi, wala hawakumjua mtu.

Basi, vijana wangu mnaoandika, nawaambia mambo machache, ninyi mnaotaka kujaribu tena.

Msinieleze kwamba mtu ni mwema. Mwacheni atende jambo moja, kwa mkono wake, katika saa moja. Mpeni kitu anachokihesabu kisirisiri, kama mbuzi wa yule kaka. Sikilizeni namna anavyowataja wenzake, maana ulimi hutoboa siri ambayo mwenye ulimi hajui. Mkiwa na mwovu, mtafuteni anampenda nani, kwa maana yuko mtu anayempenda. Mkiwa na mwema, tafuteni anachokiogopa na anachojivunia. Na mkifika mwisho, msikimbilie radi. Radi ni ya Mungu. Mwachieni ailete apendapo. Ninyi wekeni mlango wazi, na baba amesimama nje.

Kwako wewe, mzee wangu, nasema kwa heshima: sikutaka vijana waandike dhambi. Nataka waandike mahali ambapo neema inaingilia. Kwa Kasongo wa makaye yetu hakuna ufa, na kwa Yozefu hakuna ufa. Neema ipite wapi?

Nimalize kwa kaye moja niliyoiacha makusudi mpaka sasa. Msichana wa kidato cha tatu ameandika juu ya mama wa kambo. Mama huyo ni mbaya: anampa mtoto wa mwenzake ukoko wa bugali, anamtuma maji usiku, anamtukana. Mambo ya kawaida. Lakini katikati ya ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu, ingawa niliweza kuusoma. Mstari huo ulisema kwamba usiku wa baridi mama yule aliamka, akamfunika mtoto kwa kitenge chake mwenyewe, kisha akarudi kulala akijikunja, na asubuhi akamtukana zaidi.

Nilimwita msichana, nikamwuliza kwa nini ameukata. Akanijibu kwa sauti ndogo, «Mwalimu, mama huyu ndiye mbaya wa hadithi. Niliogopa ningeiharibu.»

Nikamwambia aurudishe. Nikamwambia padri kwamba zawadi ni yake, kwa ajili ya mstari ule mmoja. Na nyumbani kwangu, usiku ule, niliwaza juu ya yule mwimbaji wetu na kuni zake za Jumamosi. Kama angewahi kusoma mstari wa namna hiyo, labda asingengojea miaka sita.